Shajara ya mradi: kadi ya kusomea lebo za dawa za ukungu, Ilula

4 Februari

Mvua haijakata tangu wiki iliyopita na bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza nyanya, imeshaonekana kwenye mashamba ya bondeni. Huu ndio msimu wenyewe wa kazi tuliyoipanga. Kuanzia sasa hadi mvua ziishe, mkulima wa nyanya hapa Ilula, mkoani Iringa, hangoji kuona ugonjwa ndipo apige dawa. Anapiga kwa kalenda, kila wiki, na mvua ikimwagika usiku ule ule aliopulizia, anarudi shambani kabla wiki haijaisha. Ugonjwa huu hauna subira: shamba lililolala kijani linaweza kuwa limeungua lote ndani ya siku chache, na mtaji wa msimu ukaenda nao. Kwa hiyo hakuna mtu kwenye mradi huu anayekuja kuwaambia wakulima waache dawa.

Tunachotengeneza ni kadi moja ngumu, iliyopakwa plastiki, ya kuning'inizwa kwenye kaunta ya duka la pembejeo, pamoja na nakala ndogo ya kwenda nayo nyumbani. Kazi yake ni kumsaidia mnunuzi kusoma lebo ya pakiti aliyoishika mkononi. Hatutungi maelezo mapya ya dawa. Lebo ndiyo iliyopitishwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), ile iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 na kurithi kazi za TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu kule Arusha. Maelezo yake yana uzito wa kisheria, na yetu hayana. Shida ni kwamba kwenye pakiti ndogo maelezo hayo yote yamebanwa kwa herufi za kusomwa na kijana mwenye macho makali, tena juani, wakati aliyeshika pakiti ana haraka na mikono imelowa.

Timu ni bwana shamba wa kata, mama mwenye duka la pembejeo karibu na stendi, mchoraji kutoka Iringa mjini, na mimi.

11 Februari

Tumekaa dukani asubuhi nzima na pakiti tupu zenye mikanda ya rangi chini yake. Kila aliyeingia tuliamkiana naye, tukamwonyesha, tukamuuliza rangi hii inamwambia nini.

Nyekundu karibu wote wanaijua: hatari. Njano wengi walisema ni dawa kali ya wadudu, na hawako mbali na ukweli. Bluu ilitupa majibu ya kila aina, mojawapo likiwa kwamba dawa hiyo huchanganywa na maji mengi. Kijani ndiyo iliyotushughulisha. Wengine walisema ni dawa ya majani. Wengine walisema ni dawa ya kuotesha, kama mbolea ya kupuliza. Na mzee mmoja anayeheshimika sana hapa, mkulima wa miaka mingi, akasema bila kusita: "Hiyo haina shida, hiyo hata glavu huhitaji."

Mzee hakulitoa jibu hilo kichwani mwake. Ndivyo mkanda wenyewe unavyosomeka. Rangi hizi zinafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani, na madaraja hayo yanapima kitu kimoja tu: ni kiasi gani cha dawa kikiingia mwilini kwa mkupuo kinaweza kuua. Kipimo kinatokana na majaribio ya panya. Dawa ambayo chini ya miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mwili zinaua nusu ya panya huvaa nyekundu. Kati ya 50 na 2,000 ni njano. Ikivuka 2,000 ni bluu, na ikifika 5,000 au zaidi ni kijani. Mankozebu, dawa ya ukungu inayouzwa kuliko zote katika duka hili, iko juu ya 5,000. Kijani, bila ubishi.

Lakini mkanda hausemi neno hata moja kuhusu mtu anayeivuta na kuigusa kila wiki, msimu hadi msimu, kwa miaka ishirini. Mwezi Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha mankozebu hii hii, na moja ya sababu ni kwamba imewekwa kwenye kundi la kemikali zinazodhaniwa kudhuru uzazi wa binadamu. Ikivunjika, mankozebu hutoa kemikali iitwayo ETU, ambayo huvuruga tezi ya shingoni, ile inayovimba mtu akikosa madini joto. Mtu hawezi kuanguka shambani kwa sababu ya ETU. Kwa hiyo anaona kijani, anapuliza, anarudi nyumbani mzima, na wiki ijayo ana ushahidi wake mwenyewe kwamba kijani haina shida.

Naona hili ndilo jambo la kwanza kwenye kadi, juu ya mengine yote. Tumeafikiana maneno haya kwa mkanda wa kijani: *Haiui haraka. Bado vaa, bado nawa, bado subiri kuvuna.* Bwana shamba aliona ni mafupi mno. Mama wa duka akasema yakizidi hapo hakuna atakayesoma akiwa amesimama kaunta, na yeye ndiye anayewajua wateja. Yamebaki hivyo.

19 Februari

Leo ni vipimo. Lebo ya mchanganyiko wa mankozebu na metalaksili, dawa nyingine ya ukungu, inasema gramu 50 kwa lita 20 za maji. Mkulima hana mzani. Na bomba analobeba mgongoni, mara nyingi, ni la lita 16. Hapo tayari kuna hesabu ambayo hakuna aliyemfanyia: gramu mbili na nusu kwa kila lita, kwa hiyo gramu 40 kwa bomba lake. Gramu 50 akizitia zote kwenye lita 16, amezidisha kwa robo kabla hata hajakosea kupima.

Na kupima kwenyewe ni kwa kijiko, kisoda au kiganda cha kiberiti. Mama wa duka aliazima mzani mdogo, tukaweka karatasi, tukaanza. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu kilitoa karibu gramu 7 za unga. Kijiko kile kile kikijazwa kilima, jinsi mtu anavyochota kwa kawaida, kilikaribia 12. Kijana aliyekuwa akitutazama alituambia yeye huweka vijiko vinne "na kimoja cha mvua". Tukampa kijiko achote mwenyewe kama akiwa shambani. Alichota vitano vya kilima, akamimina kwenye karatasi, na mzani ukapita gramu 58. Aliutazama ule unga, akatazama pakiti, akauliza bei ya pakiti nzima ni shilingi ngapi. Alikuwa anapiga hesabu ya pesa, si ya sumu, na nadhani huo ndio mlango wa kuingilia. Kadi itasema wazi kwamba kilima ni hela iliyomwagwa ardhini.

Jambo la kiufundi la kuzingatia: dawa za unga na zile za chembechembe hazifanani uzito. Kijiko kile kile cha chembechembe kilikuwa kizito kuliko cha unga. Kwa hiyo hatuwezi kuchora kijiko kimoja na kusema "hivi vinatosha kwa dawa zote". Uamuzi ni huu: duka litakuwa na mzani na vikombe vidogo vya plastiki. Mnunuzi akinunua dawa, anapimiwa kipimo cha bomba lake kutoka kwenye pakiti yake mwenyewe, na mstari unachorwa kwenye kikombe kwa kalamu isiyofutika, pamoja na jina la dawa hiyo. Kikombe hakirudi jikoni tena.

3 Machi

Mkulima mmoja alitualika shambani kwake, kwa kuwa dawa "imeacha kufanya kazi". Alikuwa mwangalifu: alishasikia kwamba dawa moja ikitumika mfululizo ugonjwa huizoea, kwa hiyo anabadilisha. Alitutolea pakiti zake tatu kutoka kwenye mfuko wa sandarusi, kampuni tatu, majina matatu ya biashara, picha tatu za nyanya nyekundu. Tukaingia kwenye mstari mdogo ulio chini ya jina, pale panapoandikwa kiambato amilifu, yaani dawa yenyewe iliyomo. Zote tatu: mankozebu na metalaksili. Amekuwa akibadilisha karatasi ya nje tu.

Metalaksili ni mfano unaojulikana wa dawa iliyozoeleka na ugonjwa huu huu. Iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970 na ilikuwa ya ajabu, kwa sababu inaingia ndani ya mmea na kupanda nao, haisombwi na mvua. Kufikia 1980, katika mashamba ya viazi ya Ireland na Uholanzi, kimelea cha bakajani chelewa kilikuwa kimeshaishinda. Ndiyo maana sasa inauzwa imefungwa pamoja na mankozebu: mankozebu inashambulia kimelea sehemu nyingi kwa wakati mmoja na ni vigumu kukwepwa, metalaksili inapiga sehemu moja tu.

Wataalamu wa usugu wa dawa za ukungu wamezipa dawa hizi namba za makundi kulingana na mahali zinapompigia kimelea. Mankozebu ni M03, shaba ni M01, metalaksili ni 4, azoksistrobini ni 11, simoksanili ni 27, na jamii ya tebukonazoli na difenokonazoli ni 3. Namba ndiyo inayobadilishwa, jina la biashara halihusiki. Baadhi ya lebo zinaionyesha ndani ya kisanduku kidogo, nyingi za hapa dukani hazina. Kwa hiyo nyuma ya kadi tutaorodhesha majina ya viambato kama yanavyoandikwa kwenye pakiti, na namba pembeni. Hakuna jina la kampuni litakaloingia.

Kingine tulichokubaliana kukiweka, ingawa bwana shamba alisita kwa kuona ni somo la darasani: kimelea cha bakajani chelewa si kuvu halisi. Kiukoo kiko karibu zaidi na mwani. Hili lina maana kubwa mfukoni kwa mkulima, kwa sababu dawa za kundi la 3, zinazosaidia magonjwa ya kuvu halisi kama ubwiri unga na bakajani tangulizi, hazikigusi. Na metalaksili, kwa upande wake, haisaidii kitu kwenye ubwiri unga. Anayeuziwa "dawa ya ukungu" bila kuulizwa ni ukungu gani anaweza kujikuta amejiweka kwenye hatari ya kemikali na shamba likaungua vilevile. Kadi itakuwa na picha mbili za jani: doa la bakajani chelewa lenye uwazi wa rangi ya maji na utando mweupe chini ya jani asubuhi, na unga mweupe wa ubwiri unga juu ya jani.

12 Machi

Siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hapa tumekwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, na bado sijaridhika.

Lebo tulizokagua za mankozebu kwenye nyanya zinataka siku 7. Mkulima anapuliza kila baada ya siku 7. Nyanya ikianza kuiva anachuma mara mbili kwa wiki. Ukiyaweka hayo matatu pamoja, hakuna siku halali ya kuvuna, isipokuwa asubuhi ya siku ya saba kabla hajapiga tena, na tenga moja la wiki halilipi vibarua. Lebo imeandikwa kana kwamba mavuno ni siku moja, kama mahindi. Nyanya inavunwa kwa wiki kadhaa.

Halafu kuna lori. Mnunuzi anapiga simu kutoka Dar es Salaam saa mbili usiku: kesho alfajiri nipo barabarani, nataka matenga kadhaa. Jana ulipiga dawa. Ukikataa, lori litajaza kwa jirani na wiki ijayo simu haitakuja kwako. Dada mmoja alitueleza hivyo bila kujitetea, akaongeza kwamba wapo wanunuzi wanaozipenda zaidi nyanya zenye madoa meupe ya dawa, kwa imani kwamba hazitaoza njiani. Nimeziona hizo nyanya kwenye matenga barabarani, na msomaji wa Dar naye amezishika sokoni.

Watu wanasema zitaoshwa. Kuosha kunapunguza mankozebu, kwa kuwa inakaa juu ya ngozi ya tunda. Metalaksili imeshaingia ndani na maji hayaifikii. Na mankozebu iliyobaki ikipikwa, sehemu yake hugeuka ETU, ile ya tezi. Sisi nyanya tunaipika karibu kila siku, ndiyo msingi wa mchuzi, na mtoto anakula chungu kimoja na mtu mzima. Hili limenifanya nisilichukulie kama kipengele kimoja kati ya vingi.

Tulichofikia kwa sasa ni ushauri ambao lebo zenyewe zinauruhusu, ukizisoma kwa pamoja. Kabla matunda hayajaanza kuiva, tumia hizo zenye siku nyingi za kusubiri. Uchumaji ukianza, hamia kwenye zenye siku chache, ambazo zipo dukani ingawa bei yake ni kubwa. Bwana shamba anaongezea mambo ya shamba lenyewe: punguza majani ya chini, simika mimea kwa miti ili upepo upite, usimwagilie juu ya majani jioni, ng'oa mimea iliyoungua uizike. Jani linalokauka mapema asubuhi halimpi kimelea maji ya kuotea, na hapo kalenda ya kila wiki inaweza kulegezwa.

Wazo bora la wiki hii ni la mama wa duka. Yeye hutoa risiti ya mkono. Alipendekeza chini ya risiti kuwe na mhuri wenye mistari miwili: *Nimepiga tarehe ......* na *Navuna kuanzia tarehe ......* Muuzaji anaandika idadi ya siku kutoka kwenye lebo, mkulima anajaza tarehe shambani. Mhuri umeshaagizwa.

17 Machi

Mvua imetufungia dukani, lakini kumetokea jambo la kuandikwa. Mteja aliyekuja kununua dawa aliulizia kama mbegu za mahindi zilizobaki, zile zenye rangi nyekundu ya dawa, anaweza kuziosha mpaka rangi itoke awape kuku. Mama wa duka alimkatalia pale pale. Niliwasimulia kisa cha Iraki, na nakiandika hapa kwa sababu nataka kila atakayefanya kazi kwenye mradi huu akijue.

Mwishoni mwa 1971 Iraki ilipokea shehena kubwa ya mbegu za ngano na shayiri kutoka ng'ambo, ngano kutoka Mexico. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa ya ukungu yenye zebaki na kutiwa rangi nyekundu kama onyo. Magunia yalikuwa na maandishi ya tahadhari kwa Kihispania na Kiingereza, na alama ya fuvu ambayo kwa wanakijiji haikuwa na maana yoyote. Sehemu nyingi mbegu zilifika msimu wa kupanda umeshapita. Watu wakaosha rangi, wakaona imetoka, wakadhani sumu imetoka nayo, wakasaga na kuoka mkate. Wapo waliowapa kuku kwanza, wakangoja siku kadhaa, wakaona kuku wazima. Zebaki hiyo huchukua wiki kabla ya kuonyesha makali yake: ganzi vidoleni, kupepesuka, macho kufifia. Waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530 na waliofia humo 459.

Uturuki ilitangulia, kati ya 1955 na 1959, upande wa kusini mashariki, kwa ngano ya mbegu iliyopakwa heksaklorobenzini. Maelfu waliugua, ngozi ikitoka malengelenge juani, na watoto wachanga walikufa kwa maziwa ya mama zao waliokula mkate huo. Dawa hiyo imo kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kudhibiti sumu zinazodumu muda mrefu.

Zote mbili zilikuwa dawa za ukungu. Zote mbili zilikuwa na lebo.

Kadi itapata mstari wa mbegu: *Rangi ikitoka, dawa imebaki. Usile, usilishe kuku, usisage.* Na chini yake, kwa kuwa huku ulanzi ni kinywaji cha kila jioni msimu wa mvua: mbegu zilizopakwa thiramu zikishikwa kwa mikono mitupu, kisha mtu akanywa pombe, anaweza kupata uso kuwaka, moyo kwenda mbio na kichefuchefu. Thiramu ni ndugu wa dawa wanayopewa watu ili waache pombe, na inazuia mwili kuivunja pombe hadi mwisho. Watu walisikiliza hili kwa makini kuliko yote niliyosema leo.

26 Machi

Tumezungumza na mganga wa zahanati kuhusu kisanduku cha huduma ya kwanza. Mambo matatu yamewekwa.

La kwanza ni pakiti kwenda na mgonjwa. Wahudumu huletewa mtu na kuambiwa "amekunywa dawa ya nyanya". Dawa ya nyanya inaweza kuwa profenofosi, dawa ya wadudu ya kupigia kantangaze, na hiyo ina matibabu yake ya atropini. Inaweza kuwa mankozebu, ambayo kwa ukoo wa kemikali ina jina linalofanana na jamii nyingine inayotibiwa kwa atropini, lakini yenyewe haifanyi kazi namna hiyo na atropini haiitibu. Bila pakiti mhudumu anabahatisha.

La pili, usimtapishe isipokuwa lebo imesema hivyo. La tatu ni maziwa. Karibu kila mpulizaji hapa hunywa maziwa jioni ya siku ya dawa, na wapo wanaokunywa kabla, kama kinga. Dawa nyingi inayomwingia mpulizaji hupitia ngozini, mgongoni pale bomba linapovuja na mapajani yanapogusana na majani mabichi. Maziwa tumboni hayana njia ya kuikuta huko. Hatutawaambia watu wasinywe maziwa, ni chakula. Tutaandika: *Maziwa hayatoi dawa mwilini. Sabuni na maji mara tu umalizapo.*

8 Aprili

Toleo la pili limejaribiwa kijijini, kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama wa vikoba, kwa makusudi. Wao ndio wanaochota maji ya kuchanganyia na kufua nguo za mpulizaji, na lebo haiwazungumzii kabisa. Wengi wao hawajawahi kuishika pakiti.

Tulianza na michoro ya kawaida iliyoko kwenye lebo, ile midogo nyeusi na nyeupe iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasiosoma. Glavu na buti zilieleweka. Mkono chini ya bomba la maji ulieleweka. Samaki aliyewekewa alama ya mkato alisomwa hivi: ukipiga dawa usile samaki siku hiyo. Kufuli na ufunguo lilisomwa kuwa dawa hii inauzwa kwa kibali. Michoro ya kuchanganya huwekwa upande wa kushoto na ya kupulizia kulia, lakini hakuna aliyeona kwamba ni shughuli mbili tofauti.

Mchoraji alikaa nao, akachora upya hapo hapo kwa penseli. Samaki akabaki, lakini juu yake mtu anamwaga maji ya bomba mtoni, na mkato umepita kwenye mkono wa huyo mtu. Kufuli likawa sanduku la bati lililofungwa, mtoto amesimama mbele yake. Mama mmoja alisema sanduku liwekwe nje ya chumba cha kulala, kwa kuwa wengi huhifadhi dawa chini ya kitanda wakihofia wizi, na mchoraji akaongeza kitanda chenye mkato. Mchoro wa kufua: beseni la peke yake, nguo za dawa kando, nguo za watoto mbali.

Kuhusu kuvaa, tuliamua kuwa wakweli. Koti la mvua zito chini ya jua la saa sita halivaliki, na kulichora ni kumfanya mtu aipuuze kadi nzima. Kadi inasema puliza asubuhi mapema upepo ukitoka nyuma yako, vaa mikono mirefu, suruali juu ya buti, kitambaa cha plastiki mgongoni chini ya bomba, na glavu za mpira hasa wakati wa kuchanganya, maana hapo ndipo dawa iko kali kabla ya maji. Na mtu akichanganya dawa ya wadudu na ya ukungu kwenye bomba moja, kama wengi wanavyofanya, afuate lebo yenye rangi kali zaidi.

23 Aprili

Kadi imekwenda kuchapwa Iringa mjini, na nakala moja imepelekwa kwa maafisa wa kilimo wa wilaya waipitie kabla ya kugawiwa. Maduka mengine ya Ilula yameomba, na wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni wanataka yao, yenye baka zambarau badala ya bakajani. Hilo litasubiri msimu wa kiangazi.

Kimebaki kitu ambacho kadi haikiwezi. Mkulima mwenye robo eka hawezi kununua pakiti ya kilo moja, na yapo maduka yanayomfungulia, anapimiwa vijiko kadhaa kwenye mfuko laini wa plastiki unaofungwa fundo. Ni kosa kisheria. Mfuko huo hauna jina, rangi, namba ya usajili wala siku za kusubiri, na unafanana na mfuko wa unga wa sembe au wa chumvi. Kila tulichochora kinadai kuwe na lebo ya kusoma. Mama wa duka ameongea na msambazaji wake kuhusu pakiti za gramu 100, na jibu ni kwamba zipo lakini kwa gramu moja zina bei kubwa zaidi. Amependekeza maduka manne ya hapa yaagize kwa pamoja ili bei ishuke, na kikao cha wenye maduka ni Jumamosi hii. Bwana shamba na mimi tumealikwa. Tutakwenda na mzani, vikombe, na hesabu ya kile kijiko cha kilima, kwa sababu tofauti ya bei ya pakiti ndogo inakaribia kufidiwa na unga ambao mkulima ataacha kuumwaga bure.